Hema Lisiloguswa

Kabla ya kwenda shule Alistidia alikuwa na kazi zake. Aliteka maji bondeni, akamenya ndizi za mchana, akafagia nyasi kuukuu za sebuleni na kutandaza mpya, maana nyumba ya Mhaya isiyo na nyasi sakafuni haikaribishi mgeni. Kazi hizo hakuzichukia hata kidogo. Alichochukia ni kuzifanya katika nyumba ambayo kila siku alikumbushwa kwamba si yao.

Baba yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alimwacha mkewe, Ma Klaudia, na mabinti wawili: Alistidia wa darasa la sita, na Ephrasia ambaye alikuwa bado hajaanza shule. Hakuacha mtoto wa kiume. Kwa mila za wakati ule, kibanja chenye migomba na mibuni kilikuwa mali ya ukoo, na mjane asiye na mtoto wa kiume alikaa humo kwa hisani ya ndugu wa mume. Ndugu huyo alikuwa Ta Bartholomayo, kaka mkubwa wa marehemu, mtu mrefu asiyeachana na mwavuli wake hata jua likiwaka. Ma Klaudia alipalilia mibuni, Ta Bartholomayo akavuna. Ma Klaudia alikata mikungu iliyoliwa na wengine. Alistidia aliyaona hayo yote, na moyo ulimchemka.

Hayo yalikuwa Kamachumu, mwaka 1972, wakati mkoa wetu bado ukiitwa Ziwa Magharibi na vijiji vya ujamaa vinaanzishwa huku na huko. Jumapili moja baada ya misa, mtu mmoja aitwaye Rugambwa alisimama nje ya kanisa akatangaza kwamba kijiji kipya, Kabashana, kinafunguliwa kwenye rweya, yaani ile mbuga ya nyasi iliyo wazi upande wa kwenda Muleba. Yeye ndiye mwenyekiti wake. Alisema yeyote aliye tayari kufanya kazi katika shamba la kijiji atapewa kiwanja cha nyumba na cha migomba kwa jina lake mwenyewe. Mtu akauliza kwa kejeli, hata mwanamke? Rugambwa akajibu kwamba jembe halimuulizi anayelishika kama ni mwanamume au mwanamke. Ma Klaudia alipita katikati ya wanaume, kanga imekazwa kiunoni, akaenda kujiandikisha.

Ta Bartholomayo alipopata habari alicheka kwanza, kisha akakasirika. Alikuja jioni ile akasimama mlangoni, hakutaka kukaa.

"Mwanamke na wasichana wawili kwenye rweya," alisema. "Haya, nendeni. Lakini Ephrasia ana kifua kibovu, kila mtu anajua. Siku nikisikia amelala kwenye maji, nakuja kuwachukua hawa watoto. Watoto ni wa ukoo, Klaudia. Wewe utajua pa kwenda."

Maneno hayo hayakuwa ya mzaha. Ephrasia akipata baridi alikohoa mpaka mbavu zikaonekana, na usiku mzima mama yake alimkalisha wima ili apumue. Upande wa pili kulikuwa na sheria ya kijiji: mtu akiondoka kabla nyumba yake haijaezekwa, kiwanja anapewa mwingine. Basi mambo yalikuwa wazi kama maji ya kisima. Wakifukuzwa na mvua, watapoteza kiwanja, na Ma Klaudia atapoteza watoto. Nyumba haikuwapo bado. Kulikuwa na rweya, upepo, na masika yaliyokuwa yanakaribia.

Kwa ajili ya familia hizo za mwanzo, mahema yaliletwa Bukoba, na kila familia iliruhusiwa kuchagua lake. Walipanda lori asubuhi, wakafika mjini wakiwa wekundu kwa vumbi. Katika uwanja wa ghala mahema mawili yalikuwa yamesimamishwa kama mfano. Moja lilikuwa la nailoni ya buluu, linang'aa, jepesi kiasi kwamba mtu aliweza kulibeba kwapani. Lingine lilikuwa zito, rangi yake kama majani makavu ya mgomba, halina mvuto wowote. Mtunza ghala alieleza kwamba kitambaa chake ni pamba iliyochanganywa na tetroni, ile ile ya mashati ya walimu yasiyokunjamana. Watu walicheka. Hapo hapo hema lile likapewa jina: Shati la Mwalimu.

Wote walikimbilia la buluu. Wa kwanza alikuwa Karugendo, kijana mwenye mke na watoto wadogo, mtu mcheshi asiyejua kunyamaza. Alilipigapiga kofi akasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ma Klaudia naye alikuwa ameshanyosha mkono kwenye fungu la buluu. Alifikiria njia ndefu na mzigo kichwani, na ni nani angemlaumu?

Alistidia alimvuta kanga. Alimwambia wasichague kwa macho, wakae ndani ya kila moja kwanza. Mama yake akamwambia asimwaibishe mbele za watu. Alistidia akamkumbusha somo la sayansi, jinsi mwalimu alivyowafunga mfuko wa nailoni mkono mmoja na kitambaa cha pamba mkono wa pili, na jinsi mkono wa nailoni ulivyotoka umelowa ingawa hapakuwa na tone la maji. Mama yake akasema watu wanasubiri. Mtunza ghala akasema lori linasubiri. Karugendo akasema siku hizi watoto wanawafundisha wazazi kuchagua nyumba.

Basi msichana yule akafanya jambo ambalo nyumbani lingemletea fimbo. Aliingia ndani ya hema la buluu, akamvuta Ephrasia, akaketi chini, akafunga mlango.

"Sitoki," alisema kutoka ndani, "mpaka Mama aingie."

Uwanja wote uliangua kicheko. Ma Klaudia aliingia kwa hasira, amekusudia kumtoa kwa sikio. Lakini ilikuwa saa ya jua kali, na ndani ya nailoni ile hewa ilisimama. Kabla hajalishika sikio la mtu, jasho lilikuwa linamtiririka shingoni na Ephrasia alikuwa ameanza kukohoa. Ma Klaudia alimtazama mtoto, akaachana na lile sikio. Alitoka na watoto wote wawili, akaingia nao katika Shati la Mwalimu, akafunga mlango na kuketi. Humo kulikuwa na joto pia, jua ni jua, lakini mtu aliweza kupumua, na kile kikohozi kikatulia. Alipotoka alimwambia mtunza ghala kwamba anachukua lile zito. Karugendo alimwonea huruma waziwazi.

Walilibeba wenyewe kutoka barabarani mpaka kiwanjani, mama mbele, Alistidia nyuma, wakipumzika kila penye kichuguu. Shingo ziliwauma siku kadhaa. Walisimamisha nguzo, wakakaza kamba, wakapiga vigingi. Kisha Ma Klaudia akalifanya hema liwe nyumba kama alivyofundishwa na mama yake. Alitandaza nyasi mbichi chini. Magunia ya nguo akayaegemeza ukutani. Jembe, kisu cha ndizi na mundu akavichomeka juu, kati ya mti na kitambaa, kama tunavyochomeka vitu katika paa la nyumba zetu za nyasi, ambako babu na bibi walihifadhi kila kitu kuanzia mkuki hata mwiko. Kikapu chake kidogo cha akamwani, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo mwenye nyumba humpa mgeni atafune, akakisukuma pembeni kabisa ili kisikanyagwe. Alirudi nyuma akatazama. Alisema sasa ni kwao.

Siku zilipita, wakifyeka na kulima shamba la kijiji pamoja na wenzao. Halafu mvua ya kwanza ikaja.

Hema lilivuja! Lilivuja mishononi, likavuja juu ya jembe, likavuja nyuma ya magunia, na maji yakatambaa chini ya nyasi mpaka kwenye mkeka wa Ephrasia. Walikaa wamekumbatiana katikati, mtoto akikohoa, mama akimfunika kwa kila kilichobaki kikavu. Mahema ya nailoni hayakupitisha tone. Kulipokucha Karugendo alipita akauliza kwa sauti kubwa kama mwalimu anaruhusu shati lake litumike kama chujio.

Utani ule ulimchoma Alistidia kuliko kiboko. Ni yeye aliyeng'ang'ania. Ni yeye aliyemfanya mama yake achekwe na uwanja mzima. Lakini hakulia mbele ya Karugendo. Alimjibu kwamba chujio hupitisha maji yote, na hili lilipitisha kidogo tu, akaingia ndani. Huko ndani ndiko alikolia.

Habari mbaya zina miguu. Jumapili Ta Bartholomayo alifika na mwavuli wake. Alichungulia hemani, akashika nyasi zilizolowa, akamsikiliza Ephrasia akikohoa. Alisema hana haja ya kusema mengi. Masika yenyewe hayajaanza bado. Mvua nyingine kubwa ikipiga, atakuja kuwachukua watoto, na amekwisha kuzungumza na wazee wa ukoo. Alistidia alisimama mbele yake akamwambia kwamba hawaendi popote. Alisema kwa heshima, mikono nyuma, lakini alisema. Ta Bartholomayo alimgeukia Ma Klaudia akamuuliza kama huyu ndiye mtoto anayemlea. Ma Klaudia alimwamuru binti yake anyamaze, akanyamaza.

Mzee alipoondoka, mama alizitoa nje nyasi zilizolowa. Mwishowe alisema kuna familia moja iliyokata tamaa na kurudi kwao, na hema lake la buluu liko kwa mwenyekiti. Kesho atakwenda kubadilisha.

Alistidia alimsihi asifanye hivyo. Alimwambia mambo aliyokuwa ameyaona lakini hakuna aliyemuuliza. Kwa nini mke wa Karugendo anaanika mablanketi kila asubuhi? Anasema ameyafua. Nani anafua mablanketi kila siku, tena wakati wa mvua? Na kwa nini watoto wao wanaamka nywele zimelowa siku ambazo mvua haikunyesha? Ile ni pumzi yao wenyewe inayopanda, inagonga nailoni baridi na kuwadondokea. Lile la buluu halivuji kwa nje, linavuja kwa ndani, kila usiku wa Mungu, na Ephrasia atalala humo.

"Usiache mbachao kwa msala upitao, Mama," alisema. "Nipe kesho moja tu. Lazima kuna sababu linavuja, na mimi nitaijua."

Ma Klaudia alikuwa amechoka, alikuwa na hofu, na binti yake alikuwa na mdomo mrefu. Lakini hili la mablanketi lilimgusa, kwa maana yeye naye alikuwa ameliona. Alimpa kesho hiyo.

Asubuhi Alistidia alitoa kila kitu nje, akabaki na hema tupu. Akalikagua kwa ndani kipande kwa kipande. Kitambaa kilipolowa na kukauka kiliacha alama, na alama zile zilikuwa na maumbo. Hapa palikuwa na mstari mrefu: mpini wa jembe. Pale duara: kikapu cha akamwani. Pale bonge pana lenye mabonde: magunia ya nguo. Alizunguka mara ya pili kuhakikisha. Mbali na mishono, hapakuwa na alama hata moja mahali ambapo hakuna kitu kilichoguswa na kitambaa.

Alimwomba mama yake asimame nje na kibuyu cha maji amwage juu polepole. Maji yaliteremka juu ya kitambaa, na kwa ndani pakabaki pakavu. Kisha Alistidia akaweka kidole chake ukutani, kwa ndani. Tone likatokea pale pale penye kidole, likamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Aliondoa kidole, akaweka pengine. Tone likafuata. Akaanza kucheka peke yake humo ndani, mama yake akadhani amepatwa na kitu.

Jamani, walikuwa wamelivujisha wenyewe! Paa la nyasi unaweza kulichomeka mkuki, halijali, kwa sababu nyasi ni nene na maji hayafiki upande wa pili. Kitambaa hiki ni uwazi mdogo mdogo kati ya nyuzi, na maji hukaa nje mpaka apatikane wa kuyaita ndani. Jembe liliyaita. Magunia yaliyaita. Walikuwa wamekaa ndani ya hema kwa desturi ya nyumba ya nyasi.

Ilibaki mishono. Hapo ni Ma Klaudia aliyeelewa, kwa maana alikuwa amesuka mikeka na vikapu maisha yake yote. Alikumbuka kwamba kikapu kipya huvuja unga kwenye maungio, lakini kikiloweshwa na kukaushwa, nyuzi hujaa na matundu hufunga. Alitazama vile vitundu vya sindano, akasema pamba nayo ni uzi, itavimba. Basi wakateremka bondeni wakapanda na maji, wakateremka tena wakapanda tena, wakalimwagia hema mishono yote mpaka likalowa kabisa, wakaliacha jua likalikausha, wakaanza upya. Kazi hiyo iliwapasua migongo. Wapita njia walisimama kutazama. Karugendo aliwauliza kama wamelipanda hema mbegu au miche, na linatarajiwa kuota lini. Ma Klaudia, mwanamke mpole yule, alimjibu kwamba likiota atamletea majani yake apikie, na kijiji kizima kilicheka, safari hii upande wao.

Walipomwagia mara ya mwisho, mishono haikupitisha kitu. Walichimba mfereji kuzunguka hema ili maji ya chini yapite pembeni. Walitengeneza vichanja vya fito katikati, vitu vyote vikakaa juu yake, mbali na ukuta. Nyasi walizitandaza kavu, si mbichi. Na ikawekwa sheria moja ya nyumba: ukuta hauguswi. Ephrasia, ambaye alikuwa mdogo lakini mkali, alijipa kazi ya askari. Aliwapiga mikono hata wageni.

Mvua ndogo zilikuja, na hema halikuvuja. Lakini ndogo ni ndogo. Kila mtu alijua ile kubwa bado.

Ilikuja mchana, siku ambayo Ta Bartholomayo alikuwa njiani. Alikuwa ameona mawingu yakijikusanya upande wa ziwa tangu asubuhi, akasema leo ndiyo leo, akachukua mwavuli. Alipofika kijijini matone makubwa yalikuwa yameanza. Hakwenda kwa Ma Klaudia. Alikwenda kwa Karugendo, kwenye hema la buluu lililo jirani, ili akae pakavu akisubiri shemeji yake alowe vya kutosha.

Mvua ile wenyeji wa Kabashana waliisimulia miaka mingi. Ilikuja na upepo na mawe, ikalaza nyasi za rweya zote upande mmoja. Ndani ya hema la buluu walikuwa wengi, mlango umefungwa, na jasho na pumzi zao zikapanda darini na kuanza kuwadondokea vichwani. Ta Bartholomayo alipangusa uso, akapangusa tena, akauliza kama hema linavuja. Karugendo alisema halivuji, ni mvuke tu. Mzee akasema awe mvuke awe nani, yeye amelowa. Wakati wakibishana upepo uliingia chini ya nailoni ile nyepesi, ukang'oa vigingi, nguzo ikaanguka, na wote wakabaki wamefunikwa kama vifaranga chini ya tenga.

Karugendo alimbeba mtoto mmoja, mkewe akambeba mwingine, wakakimbia. Walikimbilia wapi? Hapakuwa na pengine pa karibu. Mlango wa Shati la Mwalimu ulifunguliwa, wakaingia, na nyuma yao akaingia Ta Bartholomayo, ameinama, maji yakimchuruzika kwenye kofia.

Alisimama akatazama. Hema lilikuwa limejikalia katika upepo, kitambaa kizito kinapumua kidogo tu. Mawe yalikuwa yanapiga juu kwa kelele, lakini nyasi chini zilikuwa kavu. Ephrasia alikuwa juu ya kichanja anachezea mdoli wa nyuzi za mgomba, hakohoi. Mzee alitafuta pa kuweka mwavuli wake, na kwa mazoea ya miaka yote akauinua ili auchomeke juu, kati ya mti na paa.

"Baba mkubwa," alisema Alistidia, "hapo hapaguswi."

Mkono ulisimama hewani. Ta Bartholomayo hakuwa amewahi kuamriwa na mtoto, tena wa kike, tena mbele ya watu. Alimtazama Alistidia, na Alistidia hakuinamisha macho. Mzee alimtazama Ma Klaudia amkemee binti yake kama siku ile. Ma Klaudia safari hii hakumkemea.

"Ni sheria ya nyumba hii, shemeji," alisema kwa upole. "Ukigusa, tutavujiwa sote."

Juu yao mvua ilikuwa inanguruma. Ta Bartholomayo alishusha mwavuli. Aliuweka chini katikati ya miguu yake, akakaa, akakusanya mikono mapajani ili kiwiko kisiende ukutani. Karugendo naye akawavuta watoto wake katikati, mbali na ukuta.

Ma Klaudia akasimama. Alichukua kikapu chake kutoka kwenye kichanja, akapiga magoti, akakisogeza mbele ya shemeji yake kwa mikono miwili. Zilikuwa akamwani. Kila mtu mle ndani alijua maana yake. Buni hizo hutolewa na mwenye nyumba kwa mgeni wake, na anayezipokea amekubali kwamba yeye ni mgeni na aliyempa ndiye mwenye nyumba. Tena hakuna Mhaya mwenye haya atakayetafuna akamwani ya mtu kisha abebe watoto wake.

Mzee alikitazama kikapu. Kisha Ta Bartholomayo akanyosha vidole, akachukua, akatia mdomoni, akatafuna.

"Zimekaushwa vizuri," alisema.

Hakuomba radhi, na hakuna aliyetarajia aombe. Alikaa mpaka mvua ikatulia, akazungumza na Ephrasia kuhusu mdoli wake. Alipoaga hakutaja ukoo wala wazee. Alimwambia Ma Klaudia kwamba kibanjani kuna machipukizi mazuri ya migomba, na atakapokuwa tayari kupanda atume mtu akachukue. Akatoka kinyumenyume, ameinama sana, amekumbatia mwavuli kifuani, asije akagusa ukuta.

Jioni mwenyekiti Rugambwa alizunguka kuona madhara. Aliwakuta watu wamejaa kwa Ma Klaudia, wanakagua mishono, wanauliza maswali, na Karugendo akiwaonyesha jinsi ya kuweka kidole utadhani ni yeye aliyegundua. Rugambwa alisikiliza kisa chote, akawaita watoto wa kijiji wakae karibu.

"Siku ile ghalani nami nililicheka hili hema," aliwaambia. "Tulichagua kwa macho, na uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti. Alistidia alichagua kwa kujaribu. Lakini msifikiri hapo ndipo aliposhinda. Kitu chake kilipomwangusha hakukitupa, wala hakusema uongo kwamba hakivuji. Alikubali kinavuja, akatafuta kwa nini, akafanya kazi mpaka kikaacha. Shikeni hilo. Na ukijua una haki, mtu mkubwa asikutishe. Mwambie ukweli kwa adabu, halafu usiondoke mahali pako."

Mvua zilizobaki zilipita juu ya hema lile. Kiangazi kilipofika, wanakijiji waliwajengea Ma Klaudia na wanawe nyumba ya miti na udongo, wakaiezeka, na migomba kutoka Kamachumu ilikuwa imeshika mbele ya mlango. Siku ya kuhamia Ma Klaudia alitandaza nyasi, akachukua mundu wake, akauchomeka darini kwa nguvu. Ephrasia alipiga kelele kwamba hapaguswi.

"Hapa panaguswa," mama yake alimwambia. "Gusa utakavyo. Ni kwetu."